Mama wa Chai na Maji ya Chumvi

Kila asubuhi aliutukana mfereji kabla ya kuufungua. Alisimama mbele yake, leso imefungwa kifuani, ndoo mkononi, akausemesha kama mtu anavyomsemesha mlevi aliyelala mlangoni pake.

"Umeamka, mnafiki? Haya, tapika."

Mfereji ulikohoa, ukatoa hewa, kisha yale maji yetu yakaja, meupe kidogo kama yaliyooshewa mchele, yakatulia ndooni mpaka yakawa maangavu kabisa. Hapo ndipo ulaghai wake ulipokuwa. Machoni yalikuwa mazuri. Mgeni angeyaona kwenye glasi angesema tumebarikiwa.

Sisi tuliopanga katika ploti ya mwanamke huyu, ule upande wa Malaba ambako nyumba za mabati zinaendelea kuyala mashamba ya mihogo, tuliyajua maji yale kwa mikono na kwa ulimi. Yalitoka katika kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, yakasukumwa hadi kwenye tangi la juu, yakashuka majumbani na chumvi yote ya miamba yaliyoipitia. Sabuni ilikataa humo. Ulisugua mpaka kiwiko kikauma, na badala ya povu ukapata utelezi wa kijivu unaoganda kwenye kola. Birika lilivaa ukoko mweupe kwa ndani, mgumu kama ganda la yai. Mashati ya shule yalizeeka kabla ya watoto. Na chai, ole wetu, chai ilitoka nyeusi-nyeusi hata uimiminie maziwa ya ng'ombe mzima, na juu yake ukatanda utando unaong'aa kama mafuta ya lori kwenye dimbwi.

Wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka waliolala kwetu usiku mmoja walishangaa. "Nyabo," mmoja alimwambia asubuhi kwa heshima ya kwao, akimwonyesha kipande chake cha sabuni kilivyokonda, "hii maji yenu inakula sabuni kama mtoto anakula sukari!"

"Si yangu," alijibu. "Mimi nimeletewa tu."

Yeye alikuwa mpishi wa chai. Simaanishi kwamba alikuwa na hoteli. Kwetu, penye matanga, harusi au mchango wa kanisa, kuna mwanamke mmoja anayekabidhiwa chai. Wengine watakata nyama, watasonga ugali, watagombana juu ya mwiko, lakini sufuria ya chai ina mwenyewe, na hachaguliwi kwa mkutano. Anajulikana. Huyo ndiye aliyekuwa yeye, na ndiyo maana hata wapangaji wake, ambao kwa haki wangemwita mwenye ploti, walimwita Mama wa Chai. Sikumbuki mtu akimwita kwa jina. Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya kwenda Uganda walijua njia ya kufika kwake kwa harufu ya tangawizi.

Alikuwa na kanuni, na kanuni zake hazikuwa na huruma. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kukoroga sufuria yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuuliza kama imeiva. Matangani hakulia kabla chai haijachemka. Alipita katikati ya vilio na gunia la mkaa begani, macho makavu. "Marehemu atanisubiri," alisema. "Chai haisubiri." Chai ikishagawiwa, ndipo alipoketi chini, akavua viatu, akalia kuliko wafiwa.

Aliwahi kuniambia kwamba chai haipikwi kwa haraka wala kwa hasira. Akafikiri kidogo, akaongeza, "Lakini kama lazima uchague, pika na hasira."

Sitamfanya malaika. Wapo watu wanaotaka wazee wetu wote wawe wapole katika vitabu, wameketi wakitoa hekima kama kuku anavyotaga. Huyu alikuwa mchoyo. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na tangi jeusi la plastiki lililokinga mvua kutoka kwenye paa, na koki yake aliifunga kwa kufuli. Ufunguo ulikaa kifuani mwake. Mvua ya Malaba si haba, lakini kwake ilikuwa kama mali ya urithi.

"Mama, kikombe tu," dada mmoja wa chumba cha pembeni alimsihi. Alikuwa anafanya kazi kwa wakala wa forodha na nywele zake zilikuwa zimesimama kama brashi.

"Kikombe ya nini?"

"Ya kuosha nywele. Niko na mkutano."

"Nywele haiendi mbinguni."

Mvua ile aliitoa kwa mambo matatu tu: mtoto mchanga, maiti, na chai ya watu. "Mtu aoshwe na maji laini akikuja na akienda," alisema. "Hapo katikati apambane."

Nilimkabili siku moja. Nilikuwa nimemaliza shule, nimeanza kuandika, na nilidhani ukweli ni kitu cha kurushiwa watu usoni. Nikamwambia kwamba anawalaumu wanakamati wa mradi wa maji wa mtaa kwa ubinafsi ilhali yeye mwenyewe amelikalia tangi kama kuku juu ya mayai.

Hakukasirika. "Ndiyo, mimi ni mchoyo," alisema. "Lakini sijaandika kwa bango ati mimi ni mradi."

Bango lenyewe lilikuwa pale juu, chini ya tangi kubwa la mtaa, herufi za buluu: MAJI SAFI NA SALAMA. Alipopita hapo alifunika macho kwa leso, kama mtu anayepita mbele ya mtu aliye uchi.

Lakini hata uchoyo wake ulikuwa na nyufa. Palikuwa na msichana mmoja katika ploti, mke mpya wa tanboi, yaani msaidizi wa dereva wa lori. Mume alikuwa safarini Kampala wakati mama mkwe alipofika kutoka Amukura kumwona mwali, mkononi kapu la maharagwe ya shamba lake mwenyewe. Maharagwe mapya kabisa. Msichana aliyabandika asubuhi. Mchana yaligongana ndani ya sufuria kama kokoto. Alasiri akashauriwa atie magadi. Yakalainika nje tu, yakanuka sabuni, na katikati yakabaki mawe.

Mama mkwe aliketi mlangoni, akaongea na mtaa mzima bila kumtazama mtu. "Mwanangu alioa mtu ama alioa picha?"

Msichana alilia juu ya jiko. Sisi sote tulijua ni maji, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameshayalaani maharagwe yake. Lakini nani angemwambia mgeni wa heshima kwamba amekosea? Ndipo Mama wa Chai alipouvuka uwanja, taratibu, akiwa na tabasamu ambalo tulilijua na kuliogopa.

"Mama, yoga," alimsalimu. "Hawa watoto wa siku hizi hawajui kitu. Kesho ingia jikoni, umfundishe. Na sisi tujifunze."

Yule mama alifurahi. Kesho yake alifunga kilemba, akawasha mkaa, akachota maji mferejini kama alivyowaona wengine wakichota, akapika. Alipepea mkaa asubuhi. Alipepea adhuhuri. Alibadilisha mkaa. Tulitoka mmoja mmoja na viti vyetu, tukakaa kivulini, tukamtazama kwa adabu. Jioni Mama wa Chai alichukua punje moja, akaiweka kinywani, akaitafuna. Mlio wake ulisikika mpaka chumba cha mwisho.

Mama mkwe alitazama sufuria. Akautazama mfereji. "Kwa hivyo ni maji."

"Ni maji."

"Na mmeniangalia tu siku mzima?"

"Ulikuwa unafundisha. Hatukutaka kukatiza mwalimu."

Kwa muda tulidhani watapigana. Kisha yule mama akaanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikafunguka, na mkwe wake akacheka naye huku akijifuta machozi. Na Mama wa Chai, bila kumwangalia mtu, akatoa ufunguo kifuani, akafungulia ndoo nzima ya mvua kwa ajili ya maharagwe. Baadaye alikana kabisa. Aliapa kwamba yalikuwa masalio ya chai ya mazishi fulani.

Nimeyasimulia haya ili ieleweke kwamba vita vyake na mfereji havikuwa vituko vya mwanamke mzee. Kulikuwa na nyumba zilizotikisika kwa sababu ya maji yale. Na aliyepigana naye hakuwa mtu mbaya. Mwenyekiti wa mradi hakuwa mwizi. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyekimbia ofisi moja hadi nyingine mpaka soli za viatu vyake zikaisha, ndipo tukapata kisima. Kabla yake tulichota bondeni, mahali ambapo ng'ombe nao walichota, na watoto waliharisha kila mvua ilipoanza. Aliyapenda maji yale kama mzazi anavyompenda mtoto mkaidi, na mtoto wa mtu ukimsema vibaya utasikia.

"Mama, yamepimwa," alimwambia mara nyingi, pale kwenye kibanda cha kamati. "Hayana vijidudu. Yako salama."

"Sijasema iko na vijidudu. Nimesema haipiki maharagwe."

"Hicho si kipimo."

"Kwako. Kwa nyumba yangu hiyo ndiyo kipimo." Kisha, akiwa tayari ameshageuka kuondoka, "Salama ni ya mtu anapita, mwalimu. Sisi tunakaa."

Dawa ilikuwepo, na sote tuliijua. Ng'ambo ya bonde wachimbaji walikuwa wametoboa kisima cha pili, chenye maji laini, matamu, wakakifunika kwa kifuniko cha chuma. Kilikosa pampu na bomba la kukiunganisha na tangi letu. Wafadhili waliogharamia kisima cha kwanza walisema wangekuja kuukagua mradi. Wakiridhika, wangekata utepe, wangekabidhi funguo na kwenda zao, na kisima cha pili kingebaki vile vile na kofia yake ya chuma. Wasiporidhika, hakuna aliyejua. Mwenyekiti aliogopa kwamba wangeudhika, wakatuona watu wasio na shukrani, wakatuacha hata bila hicho kimoja.

Alikuja plotini siku moja kabla ya ugeni, mchana, kofia mkononi. Mama wa Chai alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Mimi nilikuwa naanika nguo, na sikuondoka.

"Mama, kesho chai tunakutegemea wewe."

"Iko sawa."

"Na kamati imekubaliana... utumie ile ya tangi lako. Ya mvua. Tutakushukuru."

Ungo ulisimama. "Wageni wanakuja kuangalia mvua?"

"Mama, usinifanyie hivyo. Mgeni hapewi kitu kibaya. Wewe ndiye umetufundisha hayo, katika kila matanga, katika kila harusi. Utamwekea mgeni chai yenye utando? Wewe?"

Hapo alimgusa. Niliona. Alikuwa ametafuta mahali pote pa kuupiga mti ule na hatimaye amepata mzizi. Jina lake lote lilikaa ndani ya sufuria ile. Kumpa mgeni chai mbaya, mbele ya mtaa, kwake ilikuwa sawa na kutembea barabara ya malori bila nguo. Vidole vyake vikaendelea kutafuta mawe ambayo hayakuwemo kwenye mchele.

"Nenda, mwalimu," alisema mwishowe. "Kesho kutakuwa na chai."

Kesho yake mahema yalisimamishwa chini ya bango. Kwaya iliimba. Mama wa Chai alikuja amevaa gomesi yake ya harusi za watu, ile ya rangi ya machungwa yenye mabega yaliyosimama, akifuatwa na sufuria yake kubwa iliyobebwa na wanawake wawili. Akaiweka chini ya mfereji wa mradi, mbele ya macho ya wote, akaufungua.

"Mama!" mke wa mwenyekiti alimshika mkono. "Ile maji ya tangi iko wapi? Ufunguo?"

"Ufunguo iko pahali huwa inakaa."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo watu hupotoa. Wanasema aliharibu chai. Hakuharibu. Sijawahi kumwona akipika kwa uangalifu kama siku ile. Alitwanga tangawizi mwenyewe. Maziwa aliyaonja, akayakataa, akaagiza mengine. Aliteremsha moto, akaupandisha, akaongea na sufuria kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mgonjwa ameze dawa. Alipika chai bora kabisa ambayo maji yale yangeweza kuwa. Na ilipofika wakati wa kumimina, mimi niliyeshika trei nilimwona akifuta kila kikombe kwa leso kabla ya kukijaza.

Ilikuwa nyeusi-nyeusi. Utando ulitanda.

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye miwani, aliusogeza kwa kijiko, ukakunjana pembeni kama ngozi. Akaonja. Akaweka kikombe chini, si kwa dharau, kwa mshangao tu. "Samahani, hii chai imewekwa nini?"

Mwenyekiti aliendelea kutabasamu, meno yamekauka. Nyuma yangu mtu wa kanisani alinong'ona, "Ametuaibisha."

Mama wa Chai alijitokeza mbele, mwiko bado mkononi. "Imewekwa maziwa, majani, tangawizi, na maji yenu. Madam, mimi napikia watu chai tangu nikiwa msichana. Hakuna mtu amewahi mwaga chai yangu. Leo mwageni. Mwageni nione."

Hakuna aliyemwaga. Yule mwanamke alikitazama kikombe, akamtazama yeye. "Ni hivi kila siku?"

Mwenyekiti alifungua kinywa, lakini sauti ilitoka nyuma, nyembamba, ya yule mke wa tanboi aliyekuwa amesimama na mtoto mgongoni. "Kila siku."

"Kila siku," dada wa wakala wa forodha akasema, akaivua skafu yake kichwani.

Na wengine. Halikuwa zogo. Yalikuwa ni maneno mawili tu, yakipita hema lote kutoka kiti hadi kiti, na mwenyekiti akaketi polepole, akatoa leso, akajifuta uso. Wageni waliondoka bila kukata utepe.

Ningependa kusema kwamba tulimbeba juu kwa juu. Hatukumbeba. Kwa miezi mingi hakuna lililotokea, na mtaa uliohofu kupoteza kila kitu ulihitaji mtu wa kumlaumu. Walisema ana kiburi. Walisema amelaaniwa na jiko. Waliokuwa wamesema "kila siku" pale hemani walianza kupunguza sauti wakipita mlangoni pake. Katika matanga ya kwanza baada ya siku ile alifika na mwiko wake, gunia la mkaa begani, akakuta mwanamke mwingine kwenye moto. Hakuna aliyemfukuza. Walimkaribisha tu, kwa heshima zote, aketi na wafiwa. Akaketi. Sufuria ilikuwa haijachemka bado, na tulimwona akilia.

Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekuja kwake. Walikaa nyuma ya nyumba, hawakuongea sana. Sijui walisemezana nini. Najua tu kwamba baada ya hapo barua zake kwa wafadhili hazikusema tena kwamba mambo yote ni shwari, kwa sababu alianza kunipa mimi nizichape, na nilizisoma.

Wafadhili wakajibu, pampu ikaja, bomba likaja. Likavuka bonde, likaunganishwa na tangi, na siku moja, bila tangazo, sabuni ikatoa povu. Wanawake walipigiana kelele kutoka uwanja hadi uwanja. Mwenyekiti alishukuriwa kanisani, na alistahili. Jina la Mama wa Chai halikutajwa. Sufuria ya matanga haikurudi kwake kamwe.

Mimi nilihamia Busia mjini. Nilirudi plotini majuzi tu. Vyumba vimepakwa rangi nyingine, na sikumjua hata mpangaji mmoja. Mferejini palikuwa na mama kijana aliyekinga maji kwa kiganja, akanywa, akakinga tena, akanywa, yakamtiririka mpaka kiwikoni.

"Habari yako, dada. Mama wa Chai yuko?"

"Mama nani?"

"Mwenye ploti."

"Aa, huyo. Yuko nyuma." Alijifuta midomo, akasogea karibu, akanong'ona kwa sauti ambayo ingevuka ukuta. "Lakini dada, akikupea chai, kataa na heshima. Watu husema kuna wageni wakubwa walikuja hapa, akawapikia chai mbaya mpaka wakaenda. Huyo mzee hajui chai kabisa."

Nilizunguka nyumba nikiwa nimeshayapanga maneno. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, miguu imevimba, amejiinamia, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Masikio bado mzima."

"Naenda kumwambia. Lazima ajue ni nani alimletea maji anayokunywa."

"Wewe, kaa chini."

"Mama, haiwezekani!"

"Kaa." Alinivuta kwa upindo wa nguo. "Amekunywa ile ya mfereji?"

"Amekunywa. Kwa mkono. Mara mbili."

"Ametema?"

"Hajatema."

"Basi," alisema, "wacha aseme."